Kikohozi cha Jumatano

Picha ya saba ilikuwa ya shemeji, na mke wa fundi akakohoa mara moja, kikohozi kikavu cha mtu anayewashwa na koo.

"Huyu shemeji," fundi akasema. "Kaka yake huyu mama hapa. Maneno mengi, kazi kidogo."

Msomi akatabasamu, akaweka alama ya vema kwenye karatasi yake, akatoa picha ya nane. Ilikuwa ya mzee mmoja mwenye upara ambaye hakuna mtu katika nyumba ile aliyepata kumwona. Mke wa fundi akatulia, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja tu kupumzisha miguu. Fundi akaiangalia picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kwa sababu alishajifunza kwamba kujibu upesi mno hakupendezi.

"Simjui."

Vema nyingine. Picha ya tisa ilikuwa ya binti yao wa mwisho, yule ambaye mpaka leo, na miaka yake ishirini na minne, wanamwita Kitinda. Vikatoka vikohozi viwili vifupi. Fundi alimtaja binti yake kwa sauti laini, na mapenzi yaliyokuwa ndani ya sauti ile hayakuwa ya uongo hata chembe. Uongo ulikuwa kwenye vikohozi tu.

Mambo haya yalikuwa yanakwenda hivi kila Jumatano alasiri kwa miezi minane sasa, katika chumba cha mbele chenye cherehani mbili, meza ya kukatia na pazia linalotenga duka na nyumba. Kiharusi kidogo kilikuwa kimempitia fundi asubuhi moja akiwa anashona. Mkono ulirudi, ulimi ulirudi, ila nyuso za watu hazikurudi. Macho yake ni mazima, uzi anatunga mwenyewe. Anaona pua, anaona nyusi, anaona kidevu, lakini havishikani vikawa mtu. Vinabaki kama vipande vya shati vilivyokatwa vikaachwa mezani. Binadamu anamtambua kwa sauti na kwa mwendo, na kama si hivyo, kwa nguo. Mara moja alimpa mpita njia suti ya bwana harusi, kwa kuwa mpita njia yule aliingia akicheka kama mtu anayekuja kuchukua suti. Bwana harusi alioa na suti ya kuazima, na mpaka leo hawasalimiani na fundi, ingawa fundi hajui, maana anapopishana naye njiani anadhani ni mtu tu.

Msomi alipewa habari zake na daktari wa hospitali, akaja na mkoba wake. Alikuwa binti mwembamba, mpole, anayeandika kitabu cha kumalizia masomo yake ya akili za watu. Siku ya kwanza aliwaeleza kazi yake akiwa amekaa pembeni kabisa ya kiti, kama mtu anayeogopa kukichosha.

"Wenzangu wanatafuta watu elfu, wanawauliza maswali kumi kumi. Mimi namchukua mtu mmoja, namuuliza maswali elfu. Nakaa naye, namfuata, naandika kisa chake chote. Wakati mwingine mtu mmoja anafundisha kuliko wale elfu."

"Na huyo mmoja akichoka?" fundi aliuliza.

"Anapumzika. Halafu namuuliza la elfu na moja."

Wakampenda papo hapo.

Jaribio la kwanza lilikaribia kumrudisha Msomi kwao mikono mitupu. Katika picha kumi za watu anaowafahamu, fundi alitaja nane bila kosa. Msomi alikuwa ameanza kufunga mkoba aliposikia fundi akiongeza, "Mwenye nyumba ile kola nilimgeuzia mwenyewe, ilikuwa imelika upande wa ndani." Alikuwa anasoma mishono. Jumatano iliyofuata Msomi alikuja na picha alizozikata kwa mkasi: uso peke yake, hakuna kola, hakuna hereni, hakuna kilemba. Hapo fundi alipata wawili, mmoja kwa kubahatisha.

Picha ya mwisho siku hiyo ilikuwa ya mkewe.

Hapa ndipo penye siri ya mambo yote, na bora ijulikane mapema, kwa kuwa mwenyewe hakumwambia mtu. Mke wa fundi alikuwa amekaa palepale pa siku zote, kiti cha pembeni ya pazia, akaiona picha yake mkononi mwa mumewe. Alimwona mumewe akiiangalia kwa adabu, kama mtu anavyomwangalia mgeni wa jirani. Aliona midomo ikijiweka kutoa lile neno "simjui" alilokwisha kuwasemea wengine wanane. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na neno lenyewe lilikuwa limefika kwenye meno. Akakohoa. Kilikuwa kama kikohozi cha mtu aliyepaliwa, kilimtoka kabla hajakipanga. Fundi akageuza kichwa kidogo, akarudi kwenye picha.

"Huyu mama watoto," akasema.

Tangu siku hiyo mke wa fundi hajui kama lile neno lingetoka kweli, na hakutaka kujua. Ili mumewe asije akafika tena pale, ikambidi akohoe na kwa wengine. Kimoja kwa shemeji, viwili kwa Kitinda, kusafisha koo kwa mwenye nyumba, chafya kwa muuza mkaa, maana kweli mkaa unapigisha chafya. Wageni hawakukoholewa. Kila Jumatano alikuwa anamwacha mtu mmoja apotee makusudi, ili mambo yasizidi kipimo. Yeye na mumewe hawakuwahi kulizungumza jambo hilo, hata wakiwa wawili.

Msomi, maskini, alisikitikia kifua chake. Mara tatu alimletea dawa ya kikohozi kwa pesa yake ya nauli, akarudi kwao kwa miguu.

* * *

Kitinda alikuwa anafanya kazi kwenye duka la fotokopi, na ndiye aliyechapisha kile kitabu cha Msomi. Jioni moja alirudi na nakala chini ya kwapa.

"Leo nawasomea habari za mtu mashuhuri," akasema. Akavua viatu, akakaa kwenye meza ya kukatia, mahali ambapo baba yake alimkataza kukaa tangu ana miaka minne. "Bwana S. ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka hamsini na minane."

"Bwana S. ndiye nani?" mama yake akauliza.

"Baba. Wanaficha majina."

"Sasa amefichwa nini? Mtaa mzima huu fundi ni mmoja."

"Mama, niache nisome. 'Ni mtu mchangamfu, mwenye mzaha, anayeipenda kazi yake.'"

Fundi akakaa sawa. Alinyoosha shati kifuani kana kwamba kitabu kilikuwa kinamwona. Kitinda akaendelea kuhusu zile kadi ambazo Msomi aliziacha, kadi za pua, za nyusi, za masikio, fundi azisome dakika ishirini kila asubuhi ili ajifunze kuziunganisha. Kitabu kilisema alianza na watu wawili kati ya kumi, sasa anawatambua tisa. Kilisema maendeleo ya namna hiyo ni nadra.

"Nadra," fundi akarudia. Neno lilimkaa vizuri mdomoni.

"'Mke wa Bwana S.,'" Kitinda akasoma, "'ambaye anasumbuliwa na kikohozi sugu, alihudhuria vikao vyote, na utulivu wake ulichangia...'" Akanyamaza. Akarudia mstari kwa macho tu. "Mama. Kikohozi sugu kipi?"

Fundi akaokota kifungo kilichokuwa sakafuni, akaanza kukichunguza kwa makini sana.

"Vumbi la vitambaa," mama akasema, akainuka kwenda jikoni.

Kitinda akamfuata. Alimkuta anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu mchana.

"Mimi nalala chumba cha pili. Tumetengwa na ubao. Mwaka mzima sijakusikia ukikohoa."

"Nakohoa Jumatano."

"Jumatano tu."

"Kila mtu na siku yake."

"Mama."

Sufuria ikawekwa chini. Mke wa fundi alikuwa mwanamke wa sauti ya juu, anayeita wateja kutoka ng'ambo ya barabara, lakini alipojibu sasa alijibu chinichini, akiangalia bomba.

"Yule ni mume wangu. Anawekwa kwenye mtihani mbele ya mtoto mdogo, anashindwa, anacheka ili tusione aibu yake. Mimi nikae namwangalia? Dukani namwambia kila anayeingia, 'karibu kaka yangu, karibu mwenye nyumba,' nikiwa na maana baba yako asikie. Hakuna anayeniambia nadanganya."

"Dukani hakuna anayeandika."

"Nilimsaidia. Alikuwa anazama."

"Alikuwa anazama yeye," Kitinda akauliza polepole, "au wewe?"

Mama yake akachukua tena ile sufuria. Kitinda akaona jinsi mabega yalivyoshuka, akajuta kuuliza, akamkumbatia kwa nyuma. Maji yalikuwa yanatiririka bure, jambo ambalo kwa siku nyingine lingempa Kitinda matusi ya kumtosha wiki.

* * *

Jumatano iliyofuata Msomi hakuja peke yake. Alikuja na mwanamke kijana aliyevaa sare ya walimu wa chekechea, amebana nywele vizuri, anayeangalia watu kifuani badala ya usoni. Mke wa fundi alimwona tu akajua. Mumewe naye huangalia hivyohivyo.

"Huyu mwalimu alipata ajali ya pikipiki mwaka jana," Msomi akasema. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Ana shida kama ya fundi. Nimemwambia habari zenu, akasema lazima amwone aliyepona."

Fundi alishtuka kidogo kwa neno lile, kupona. Akamkaribisha mwalimu kiti, akaondoa mabaki ya vitambaa, akamwuliza habari za nyumbani. Mwalimu akakaa. Mwanzoni alijibu neno mojamoja, halafu ghafla yakaanza kutoka yote, kwa haraka, kama mtu ambaye kwa muda mrefu hakuwa na wa kumwambia.

"Mwanangu nilikuwa namfunga utepe wa njano kichwani, ili nimjue wakati wa kumchukua shuleni. Siku moja kulikuwa na watoto wawili wenye utepe wa njano. Nikamshika mkono mmoja, nikaenda naye mpaka kwenye kona. Akaanza kulia. Watu wakajaa. Wakaniita mwizi wa watoto. Mwanamke mmoja alinivua kiatu changu, akataka kunipiga nacho. Na mwanangu alikuwa amesimama getini muda wote, ananiita, mama, mimi niko huku."

Mke wa fundi akashika mkono wa kiti.

"Darasani nina watoto ishirini na sita. Siwezi kumwita mmoja. Mwalimu mkuu ni mtu mwema, amenitafutia kazi ya stoo, nihesabu chaki na madaftari. Nilikuwa nimekubali. Halafu dada huyu akaniambia kuhusu kadi. Nimerudi kwa mwalimu mkuu nikamwambia, stoo sitaki, nishikie darasa langu miezi sita tu, kuna fundi amepona kwa kadi. Ijumaa ananipa barua, nitie saini moja kati ya mbili. Nikikataa stoo, anampa mtu mwingine."

"Usiwe na wasiwasi," Msomi akasema, akimshika bega.

Mwalimu akageukia upande wa pazia. "Mama, samahani kukuuliza. Wewe ndiye mkewe. Ilimchukua muda gani mpaka akakujua wewe?"

Ni swali dogo. Mke wa fundi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile akapaliwa kweli. Akainuka, akapita nyuma ya pazia. Wakamsikia akivuta stuli, wakamsikia akipanda juu yake. Aliporudi alikuwa na chupa tatu za dawa ya kikohozi. Akazipanga mezani mbele ya Msomi, moja baada ya nyingine. Vifuniko vilikuwa havijafunguliwa.

"Mwanangu," akamwambia, "sina kikohozi. Sijapata kuwa nacho."

Msomi akaziangalia chupa, akamwangalia yeye. "Mbona sielewi, mama?"

"Kimoja kaka yangu, viwili Kitinda. Mwenye nyumba nasafisha koo."

Ilichukua muda. Kalamu ya Msomi ilikuwa mkononi, akaiweka chini kwa uangalifu mkubwa, sambamba na ukingo wa meza.

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyoleta picha yangu."

"Hicho ni kikao cha pili."

"Ndiyo, mwanangu."

"Vikao viko thelathini na viwili."

Mke wa fundi akainamisha kichwa. Hakujitetea, na wanaomfahamu wangeshangaa, maana ni mwanamke anayeweza kubishana na mzani wa sokoni. Msomi akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya duka, mgongo kwao. Wapita njia walimsalimu, akawaitikia.

Mwalimu alikuwa bado amekaa, anaangalia chupa. "Kwa hiyo hajapona," akasema.

"Nisamehe," mke wa fundi akamwambia. "Nilidhani ni mambo ya nyumba yangu tu. Sikujua kwamba kuna mtu nyuma yake."

"Na wewe, fundi?" mwalimu akauliza. "Ulikuwa unajua?"

Fundi alijikuna shingo. Aibu ilikuwa imempata, lakini ndani ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine kilichomfanya ashindwe kuificha nusu ya tabasamu.

"Nilijua. Nitasema uongo nikisema sikujua. Lakini mwalimu, miezi minane mke wangu anaongea na mimi mbele ya msomi, na msomi hasikii. Tulikuwa hatujachezeana hivyo tangu ujana. Jumatano ikifika nilikuwa naoga mara mbili."

"Mzee," mkewe akasema kwa kumkanya.

Msomi akarudi ndani. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa ameshafuta uso. "Nimeshamwambia mama yangu aje kunisikiliza siku ya kukitetea kitabu mbele ya walimu wangu," akasema, si kwa kulaumu, ni kama mtu anayetaja kitu kimojawapo kati ya vilivyovunjika. "Kosa ni langu. Nilikuwa na mtu mmoja wa kumwangalia, nikamwangalia yeye tu. Nilikuandika wewe kwa mstari mmoja, mama, na mstari wenyewe ulikuwa wa kikohozi."

Fundi ndiye aliyeuliza, "Picha unazo?"

"Ninazo."

"Basi tufanye. Mwalimu ana barua Ijumaa. Aone mwenyewe kadi zimenifanyia nini."

Msomi akamgeukia mke wa fundi. "Mama, ungetupisha kidogo, ukae nyuma."

"Nikikaa nyuma nitasikiliza kwenye pazia. Najijua." Akavuta kiti chake karibu na mumewe, akakaa, akaweka kiganja mdomoni. "Nitanyamaza."

* * *

Msomi akazichanganya picha mara tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya shemeji. Fundi akaishika, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, na safari hii hakuwa anaigiza. Alifuata kama kadi zilivyomfundisha: nyusi, nzito, pua, pana, kidevu, kimekatika katikati. Vyote alivitaja kwa usahihi. Kisha akangoja vishikane.

"Simjui," akasema. "Ila anaonekana mtu wa kuongea."

Wa pili mgeni, wa tatu mgeni. Wa nne Kitinda. Aliupitia uso wa binti yake kipande kwa kipande, akasifu nyusi, akasema ni msichana mwenye heshima, kisha akasema hamjui, na picha ikawekwa juu ya zile za wageni. Mke wa fundi akabana kiganja. Aliona mwalimu akiangalia kila kitu, hapepesi macho. Mwenye nyumba alijulikana kwa kovu la jicho, vema moja. Muuza mkaa akapotea. Mgeni, mgeni, kisha majirani watano, mmoja mmoja, wote wakapotea.

Halafu ikaja yake.

Aliitambua kabla Msomi hajaigeuza, kwa ile kona iliyokatwa vibaya. Koo likaanza kumuwasha kweli. Mwili ulikuwa umeshazoea, ulikuwa unakohoa wenyewe hapa. Akaacha kupumua.

Fundi akaishika picha kwa mikono miwili. Nyusi. Pua. Mdomo. Akakaa nayo kuliko alivyokaa na zote. Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye picha, akasema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya mtihani, "Mbona umeacha kupumua?"

Mkewe akaangalia sakafu.

"Ni wewe?"

Hapo ndipo mwanamke yule alipofanya jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya katika ndoa yake. Mumewe alikuwa amemuuliza, karibu kabisa, bega kwa bega, na yeye hakujibu. Machozi yalimpita juu ya vidole. Hakutikisa kichwa, hakuvuta hata kamasi.

"Fundi," Msomi akanong'ona, "jibu kwa picha tu. Kwa uso unaouona."

Angeweza kusema namjua. Alikuwa ameshajua, si kwa uso, na alama ya vema ingewekwa, na mkewe angelala usingizi. Fundi alimwangalia mwalimu, au tuseme aliangalia sare yake, vifungo vyake, mikono iliyofumbatana. Akarudi kwenye picha.

"Kwa uso huu," akasema, "simjui."

Msomi akaandika. Mke wa fundi akaachia pumzi, na alishangaa kwamba ilitoka. Neno lilikuwa limefika, lile alilolikimbia miezi minane, na yeye alikuwa bado amekaa kwenye kiti, na bega la mumewe lilikuwa bado linagusa lake.

Zilipokwisha, Msomi akahesabu. Mmoja kati ya kumi anaowafahamu. Mwalimu akainua kichwa.

"Basi nitatia saini ya stoo," akasema.

"Ngoja kwanza," fundi akasema. "Sare za watoto wa darasa lako anashona nani?"

"Kila mzazi na fundi wake."

"Kola zikija hapa, kila mtoto nitamwekea mshono wake. Uzi wa rangi, mstari mmoja, mistari miwili, msalaba. Ishirini na sita si wengi. Utawasoma kama mimi ninavyosoma."

"Na kila mtoto aseme jina lake kabla ya salamu," mkewe akadakia, akipangusa uso kwa mkono. "Wafundishe. Watoto wa umri ule wanapenda kutaja majina yao kuliko pipi."

Mwalimu hakucheka. Alifikiri. "Mwalimu mkuu hawezi kukubali."

"Nitakwenda kuongea naye," Msomi akasema. "Kesho, kabla ya Ijumaa. Sijui atasema nini, lakini safari hii nitakachomwambia kitakuwa kweli." Akafungua daftari ukurasa mpya. "Mama, na mimi nina maswali kwako. Ni mengi."

"Elfu?"

"Na moja."

"Utayapata. Lakini dawa zako uzichukue, zinaniangalia vibaya."

Akaanza kukusanya picha. Alipofika kwenye ile yenye kona mbaya, fundi alikuwa ameifunika kwa kiganja.

"Hii niachie."

"Fundi, kadi hazikusaidii. Tumeshaona wote. Hata ukiiangalia mwaka mzima, haitashikana."

"Ripoti ni yako, mwanangu," fundi akasema. "Mke ni wangu."

Akaiinua picha, akaisogeza karibu na bega la mkewe, akaanza upya kutoka juu: nyusi za picha, nyusi zenyewe, pua ya picha, pua yenyewe. Mkewe alitaka kugeuka, uso ulikuwa umevimba kwa kulia na nywele hazikuwa zimechanwa. Kisha akaona jinsi mumewe anavyojitahidi. Akakivuta kiti hadi penye mwanga, akashusha mikono, akakaa aangaliwe.